Siku Kumi za Angani

Ng'ombe wa mahari ya Nyamizi walipanda ndege. Ndivyo walivyosema watu wa Nkoma, na walisema huku wakicheka, maana kwetu ng'ombe wa mahari ya binti wana kazi yao inayojulikana: wanamwolea kaka yake mke. Dada anatoka, ng'ombe wanaingia. Ng'ombe wanatoka, wifi anaingia. Sasa huyu Mahona, kaka pekee wa Nyamizi, mke hakumtaka. Alitaka Bremeni. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi huko Ujerumani, ada imelipwa na wafadhili, nauli ajitafutie mwenyewe. Basi wale ng'ombe waliotoka kwa Ngassa kule Mwanhuzi, wenye nundu za kutamanisha, hawakukaa zizini hata wakazoea majani ya Nkoma. Walipelekwa mnadani, wakauzwa, wakawa tiketi. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba.

Nyamizi hakunung'unika. Tuseme ukweli, alijivuna. Wanawake wenzake kisimani wakimtania, "Nyamizi, ng'ombe wako wanakula nini huko mawinguni?" alikuwa anajibu hapo hapo: "Wangu angalau wamefika Ulaya. Wa kwako waliishia kilabuni." Na huyo Mahona kwake hakuwa kaka tu. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Nyamizi, msichana wa kucheza kombolela, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafutia maziwa ya mbuzi, akamfundisha kutembea. Baba yao naye alifariki mwaka mmoja baada ya harusi. Kwa hiyo duniani walibaki wawili, mmoja Mwanhuzi, mwingine Bremeni.

Ngassa, mume wake, sitamsitiri. Mwaka wa kwanza alikuwa mtu wa kucheka. Alipoona mtoto haji, akaanza kunyoosha mkono. Baadaye akaleta mke mwingine, akampa yule plau na maksai wa kulimia, Nyamizi akabaki na jembe la mkono na matusi ya asubuhi mpaka jioni. Alipigwa kwa sababu ya ugali kuchelewa, akapigwa kwa sababu ya ugali kuwahi. Alivumilia, akavumilia, hadi siku moja mwaka tisini na tatu alipoondoka kwa miguu, uso umevimba, akafika Nkoma na kanga moja mabegani. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Kule sirudi. Bora nife hapa."

Sasa jambo kama hilo kwetu lina wenyewe. Kuna nzengo, yaani wazee na majirani wanaokaa kuamua mambo ya kijiji. Na nzengo ya Nkoma ilikuwa na utaratibu wake: mwanamke anaweza kuachana na mume, hakuna anayemfunga kamba, lakini ng'ombe lazima warudi. Na aliyewala ndiye anayepaswa kuja mwenyewe, akae mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake kwamba atawarudisha. Hakuna kutuma salamu, hakuna mtu wa kumsemea. Asipokuja, mwanamke anahesabiwa bado ni wa kule kule, na anarudishwa.

Mzee Ndalahwa, mwenyekiti wa kikao, alimhurumia. Alimwita pembeni akamwambia: "Mayu, mama yangu, mimi sitaki ng'ombe waletwe kesho. Mwambie Mahona aje tu aahidi. Hata akilipa kidogo kidogo kwa miaka, tutampokea. Lakini aje." Nyamizi alishukuru mpaka akapiga magoti. Kuahidi tu! Mtoto aliyemlea mgongoni atashindwaje kuja kuahidi?

Akaenda Bariadi, posta, mahali palipokuwa na simu ya kupiga nje. Wakati ule kupiga simu Ulaya ilikuwa shughuli: unaandikisha namba, unakaa kwenye benchi, simu inapitia Mwanza, inapitia Dar, mpaka unakuja kuitwa umeshasahau ulichotaka kusema. Alipoitwa alikamata mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Haloo! Mahona? Ni mimi, dada!" Watu wote waliokuwa ndani waligeuka.

Sauti ya Mahona ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nyamizi alimweleza yote, ngumi, mke mwenza, kikao, huruma ya mzee Ndalahwa. "Uje, ng'wanawane," akamwambia, yaani mwanangu, kama alivyokuwa akimwita utotoni. "Useme neno moja tu, halafu urudi zako."

Kisha Mahona akasema, "Dada, hivi unajua huku ni wapi?"

"Ni Ulaya."

"Basi ujue ndege ikitoka Bremeni haifiki hivi hivi. Inafika Italia, inalala. Inafika Misri, inajaza mafuta, inalala. Sudani kuna vita, kwa hiyo inazunguka Uarabuni, huko nako inalala. Ni siku kumi kuja, siku kumi kurudi. Shule watanifukuza."

"Siku kumi angani?"

"Kumi, kama hakuna mvua."

Wewe unacheka. Mimi nakuomba usicheke, ufikiri kama alivyofikiri Nyamizi. Yeye aliwahi kuswaga ng'ombe na baba yake kutoka Meatu mpaka karibu na Mwanza, na alijua hakuna kiumbe kinachokwenda mbali bila kulala njiani na kunywa maji. Lori la pamba, chuma tupu, nalo lililala Nyashimo likisubiri asubuhi. Dar es Salaam yenyewe, ambayo ni nchi hii hii, ukitoka Bariadi kwa basi mpaka Shinyanga, ukasubiri treni, ukalala ndani yake, unafika siku ya tatu au ya nne, tena kama reli haijasombwa na maji. Sasa kama Dar ni hivyo, Ulaya kwa siku kumi si ni haraka hata? Alitoka posta akimwonea huruma kaka yake kwa safari ndefu namna ile. Ndiyo, yeye na uso wake uliovimba, alimwonea huruma Mahona.

Kikao kilipokaa, Ngassa alikuja na ndugu zake, amevaa koti. Ndalahwa akauliza mla ng'ombe yuko wapi, na Nyamizi akasimama kumtetea. Alieleza vituo vyote, Italia, Misri, Uarabuni, akawaonyesha kwa kidole juu ya mchanga mahali ndege inapolala. Januarius, katekista wa kigango, alikuna kichwa.

"Mimi naona mashaka," alisema Januarius. "Askofu wetu alikwenda Roma. Jumapili moja hakuwepo, ya pili tulimwona madhabahuni. Na Roma si ndiyo huko huko Italia?"

"Hiyo ni ndege ya Baba Mtakatifu, katekista!" Nyamizi alimkatiza. "Haisimami simami. Ya kaka yangu ni ya abiria."

Watu wakaona ni kweli, mambo ya wakubwa yana njia zake. Hata Januarius aliona aibu kubishana juu ya Baba Mtakatifu. Ndalahwa bado hakutaka kukata shauri. Aliuliza kama kikao kiahirishwe, kijana aje polepole baada ya mavuno. Na ni Nyamizi tena aliyekataa. "Msimharibie masomo," alisema. "Siku ishirini angani ni nyingi kwa mtu anayesoma." Basi Ndalahwa akafanya alichopaswa kufanya. Mla ng'ombe hakuja, mwanamke arudi.

Akarudi Mwanhuzi nyuma ya Ngassa na ndugu zake, wakimtania njia nzima. Wiki hiyo hiyo Ngassa alimpiga kofi la kumfundisha adabu ya kutopeleka mambo ya nyumbani kwa wazee, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halikusikia tena. Alikaa kule miaka miwili mingine. Usiniulize aliishije. Alilima, akapika, akanyamaza, na kila alipoona ndege ikipita juu alijisemea kwamba kama dunia isingekuwa kubwa hivi, kaka yake angekuja kumtoa.

Halafu ikaja ile ya soko huria. Mnaikumbuka. Ushirika uliozoea kununua pamba peke yake ukaambiwa usogee, watu binafsi waingie. Wakaingia na mizani mipya, magari mapya na kofia za bure. Kampuni moja, jina lake liacheni, ilitaka kujenga kiwanda cha kuchambua pamba pale Nkoma, na mahali walipopapenda ni shamba la marehemu baba yao Nyamizi, lililokaa kando ya barabara. Wakauliza mwenyewe nani. Wakaambiwa ni mtoto wa kiume, yuko Ujerumani. Wakamchukua mzee Ndalahwa kwenye gari lao hadi ofisini kwao Bariadi, akaongea na Mahona kwa simu. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi Mahona akashuka Nkoma.

Loo, hiyo shangwe! Nyamizi alikuwa amepata habari kwamba kaka yake anaitwa, akamwomba Ngassa ruhusa, na Ngassa mwenyewe akafuatana naye, maana shemeji wa Ulaya haji mikono mitupu. Nyamizi alilia alipomkumbatia Mahona, akamshika mashavu kama mtoto. Alikuwa amenenepa, ana miwani, ananukia sabuni ya kigeni. Nyamizi akachinja kuku, akasonga ugali, akaweka na michembe iliyolainishwa, kile chakula cha viazi vilivyokaushwa ambacho Mahona alikipenda zaidi ya nyama. Wazee wakakaa kwenye viti uani. Nyamizi akachukua jagi na beseni, akaanza kumnawisha mgeni.

Ni Ndalahwa aliyeanzisha, tena kwa utani. "Kijana, wewe ni mchawi? Jumatatu nimeongea na wewe uko Bremeni. Leo ni Alhamisi, unanawa mikono Nkoma. Au ulikuwa umejificha Nairobi?"

Mahona akacheka, mtu aliyerudi kwao na mwenye mengi ya kusimulia. "Mzee, dunia siku hizi imekuwa kijiji! Juzi jioni nimekunywa kahawa kwangu Bremeni, jana asubuhi nimekunywa chai Dar es Salaam. Kilomita elfu saba na mia mbili na ushee, usiku mmoja tu! Jana hiyo hiyo nikapanda nyingine mpaka Mwanza."

Jagi lilitulia mkononi mwa Nyamizi. "Rudia, kaka," alisema. "Sikio hili halisikii vizuri."

Na Mahona, masikini, akarudia, tena kwa sauti ya juu, mkono wake wenye maji ukipaa mbele ya wazee. "Nasema usiku mmoja, dada! Unapanda, unaletewa chakula, unajifunika blanketi. Ukiamka unaona bahari ya Dar."

"Inalala wapi?"

"Nani?"

"Ndege."

"Ndege hailali, dada. Unabadilisha mara moja tu, unangoja kidogo, halafu moja kwa..." Hapo ndipo alipokumbuka. Ule mkono ulibaki juu, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Sasa sikiliza alichofanya Nyamizi, maana mimi kila nikikumbuka natamani kumtikisa mabega. Alimtafutia kaka yake mlango wa kutokea. Alimwuliza kwa upole, "Labda ni siku hizi tu? Labda zimeongezewa mwendo?"

"Eeh," Mahona akadakia. "Siku hizi... zimeboreshwa."

Januarius katekista alikohoa, akaangalia chini. Kila mtu uani pale alikuwa anamkumbuka askofu na Jumapili zake mbili. Nyamizi aliweka jagi chini, akaenda nyuma ya kihenge cha mtama, akakaa huko akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Hakuwa analia kwa sababu ya kofi wala sikio. Alikuwa anajiona alivyosimama mbele ya watu, akichora Misri kwenye mchanga, akimnyamazisha mtu pekee aliyesema kweli. Aliona uchungu, akaona aibu, na hasira juu ya hayo, na hakujua lipi limeze lipi. Uani wazee walikula kuku na ugali, na michembe ilibaki bila kuguswa.

Kesho yake kikao kilikaa kwa ajili ya shamba. Watu wa kampuni walikuwepo, Ngassa yupo, koti lile lile. Mambo yalikwenda upesi: shamba ni la baba, baba hayupo, mtoto wa kiume yupo, basi ni lake, aliuze. Kabla Ndalahwa hajafunga, Nyamizi akasimama.

"Baba mwenyekiti," alisema, "nina shauri langu la mwaka juzi. Mlisema aliyekula ng'ombe aje mwenyewe aseme. Huyo hapo."

Minong'ono ikapita. Ndalahwa alikubali kwa kichwa, na ulimwona kabisa amefurahi. Kila mtu alijua Mahona anakwenda kupata nini kwa shamba lile, na kwamba ng'ombe wa Ngassa wangetoka humo na pesa nyingine ikabaki. Isitoshe ahadi tu ilitosha. Akamgeukia. "Mahona, umesikia. Unakubali kurudisha ng'ombe wa watu, dada yako abaki kwao?"

Mahona alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Wazee wangu, haya mambo ya ng'ombe ni ya kizamani."

"Na wewe uliwala kizamani?" sauti ilitoka nyuma, watu wakacheka.

Mahona hakucheka. Alisema ana mipango, kwamba huko aliko ameanza kujenga, kwamba maisha ya Ulaya si kama watu wanavyodhani. Alizunguka weee, hadi Ndalahwa akamkatisha. "Kijana, ndiyo au hapana?"

Mahona akamtazama dada yake mara moja, halafu akaangalia saa yake.

"Arudi tu kwa mumewe," alisema. "Mbona ameshazoea."

Nimesikia matusi mengi maishani, lakini kama hilo sijapata kulisikia. Hata Ngassa aliinamisha kichwa. Ndalahwa akatamka kwa sauti ndogo kile ambacho utaratibu ulimtaka atamke, kwamba mwenye ng'ombe amekataa, mwanamke arudi.

Nyamizi alikuwa bado amesimama. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Mwaka juzi nilirudi kwa sababu kaka yangu alikuwa mbali," alisema. "Nilimwonea huruma. Leo hayuko mbali, amekaa pale. Sina sababu ya kurudi."

Ngassa akainuka kumzuia, akipiga kelele kwamba huyo ni mke wake mpaka ng'ombe watakapoonekana. Januarius naye akainuka, mtu mwembamba yule, akasimama katikati. "Mwache mtu apite," alisema. Nyamizi akapita. Na Ngassa kwa utaratibu wa wazee hakukosea: mpaka leo Nyamizi ni mke wa Ngassa, hawezi kuolewa na mwingine, na siku akifa, Ngassa anaweza kuja kudai mwili. Lakini hajalala tena chini ya paa la mtu huyo. Yuko Bariadi, anachambua pamba kiwandani, amepanga chumba, na anajilipia mwenyewe.

Siku ile ya kikao aliishika barabara ya Bariadi kwa miguu, hana hata chupa ya maji. Alikuwa ameshatembea sana, jua limeanza kulegea, aliposikia gari likipunguza mwendo nyuma yake. Ni lile la kampuni. Mahona alikuwa mbele karibu na dereva, sanduku lake nyuma, anakwenda kuwahi ndege ya Mwanza. Akashusha kioo.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekosa. "Panda tukusogeze. Bariadi ni mbali."

Nyamizi alisimama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akainama, mpaka machozi yakamtoka, dereva akabaki anashangaa kama mama huyu ana akili zake. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mahona," alisema, "usiniambie tena mbali ni wapi."

Akavuka barabara, akaendelea na safari yake upande wa pili.